Jina la Mlima Nalo ni Urithi: Nafasi ya Mwanafunzi wa Lugha katika Masomo ya Usimamizi wa Maeneo ya Urithi

Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anapokaribia kumaliza lisansi, nyumbani huulizwa swali moja tu: "Utafundisha wapi?" Kufundisha ni kazi ya heshima, na wengi wetu tutaifanya. Hata hivyo, upo mlango mwingine ambao tunaupita kila siku bila kupiga hodi, nao ni masomo ya masta katika usimamizi na uhifadhi wa maeneo ya urithi, ya kitamaduni na ya asili. Wenzetu wa biolojia, jiografia, historia, akiolojia, sheria na utalii wanaujua mlango huo. Sisi wa isimu tunadhani hautuhusu.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba unatuhusu sana. Hoja yangu ni kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kusimamia eneo la urithi hufanyika kwa lugha: kulipa eneo jina, kueleza thamani yake, na kukubaliana na watu juu ya matumizi yake. Lugha ikitumika vibaya katika hatua hizo, watu hupoteza haki zao na eneo hupoteza maana yake. Nitaanza kwa kueleza masomo yenyewe, kisha nitapima maneno ya Kiswahili tunayoyatumia katika uwanja huu. Baadaye nitaangalia majina ya mahali, mfano wa Kahuzi-Biega na lugha ya mikutano. Mwishoni nitataja yale ambayo mwanafunzi wa idara yetu anaweza kuyaanza hata kabla ya kuandika dosie ya kuomba nafasi.

1. Masomo haya yanahusu nini

Msingi wa masomo haya ni Mkataba wa Urithi wa Dunia, uliopitishwa na UNESCO mjini Paris tarehe 16 Novemba 1972. Nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, iliuridhia mwaka 1974. Ili eneo liingizwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia, lazima litimize angalau kigezo kimoja kati ya 10. Sita vya kwanza ni vya utamaduni, vinne vya mwisho ni vya asili. Pamoja na kigezo, eneo lazima liwe kamili, yaani sehemu zinazobeba thamani yake ziwepo na ziwe salama. La kitamaduni lazima pia liwe na uhalisi. Zaidi ya hayo, lazima liwe na sheria na mpango wa kulilinda.

Mwanafunzi wa masta hufundishwa kuufuata mnyororo huo. Hujifunza kutambua thamani za eneo na kuziandika, kupima hali yake na hatari zinazolikabili, kuwajua wadau wake, kutunga mpango wa usimamizi, kufuatilia utekelezaji na kupanga utalii usioliharibu. Hujifunza pia nani anashauri nini: IUCN hutoa maoni juu ya maeneo ya asili, ICOMOS juu ya yale ya kitamaduni, na ICCROM, yenye makao Roma, juu ya mafunzo na ufundi wa uhifadhi.

Shule zipo, na nyingine hazipo mbali. Kinshasa, katika kampasi ya Chuo Kikuu, ipo ERAIFT, iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa ushirikiano na UNESCO, inayofundisha ngazi za juu juu ya misitu na maeneo ya tropiki. Chuo Kikuu cha Senghor kule Alexandria, Misri, kinafundisha kwa Kifaransa masta yenye mikondo ya urithi wa kitamaduni na ya mazingira. Porto-Novo, Benin, ipo Shule ya Urithi wa Afrika tangu 1998. Kwa upande wa wanyama na mbuga, Chuo cha Mweka nchini Tanzania kimekuwa kikifundisha tangu 1963. Na anayejua Kiingereza anaweza kutazama hata Cottbus, Ujerumani, ambako masomo ya masta ya Urithi wa Dunia yalianza mwaka 1999.

Sasa tujitazame wenyewe. Kongo ina maeneo matano katika Orodha: Virunga (1979), Garamba (1980), Kahuzi-Biega (1980), Salonga (1984) na Hifadhi ya Wanyama ya Okapi (1996). Yote matano yaliingia kwa vigezo vya asili peke yake. Ishango, mahali ambapo Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye mikwaruzo iliyopangwa kwa makundi, unaokadiriwa kuwa na miaka kama 20 000, ipo ndani ya hifadhi ya Virunga. Lakini kumbukumbu hiyo ya akili ya binadamu si sababu ya Virunga kuwamo katika Orodha, na mfupa wenyewe umehifadhiwa Bruseli. Makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, ambayo yamewafundisha wanaakiolojia mengi juu ya historia ya kale ya nchi ya Waluba, hayamo. Kwa maneno mengine, dunia imeisoma Kongo kama pori na wanyama, na sisi wenyewe tumezoea kuisoma hivyo.

Mgawanyiko huo upo hata katika sheria zetu. Mali ya utamaduni inalindwa na amri-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, na maumbile yanalindwa na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Ofisi ni mbili pia: taasisi ya makumbusho ya taifa upande mmoja, ICCN upande wa pili. Lakini Katiba ya 2006 ina jambo ambalo kila mwanafunzi wa idara yetu anapaswa kulijua. Ibara ya kwanza inazitaja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, kisha inasema kwamba lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa kitamaduni wa Kongo, na kwamba Dola lina wajibu wa kuzilinda. Basi kwa mujibu wa Katiba, anayesoma Kitembo au Kisanga anasoma urithi. Hahitaji kuomba ruhusa ya kuingia katika uwanja huu.

2. Tupime maneno yetu

Neno "urithi" limetoka katika kitenzi "kurithi", chenye asili ya Kiarabu. Jamaa zake ni mrithi, warithi na mirathi. Katika maisha ya kila siku, neno hili linaleta picha iliyo wazi: kuna aliyekufa, kuna mali aliyoacha, kuna watoto wanaogawana parseli na nyumba, na mara nyingi kuna ugomvi. Sasa mwambie mkulima kwamba mlima ulio nyuma ya shamba lake ni "urithi wa dunia". Ana haki ya kuuliza: aliyekufa ni nani? Kama dunia ndiyo mrithi, mimi niko katika daraja gani la warithi? Wengine hupendelea "turathi", neno la mzizi uleule wa Kiarabu ambalo halina harufu ya mirathi. Lina faida hiyo, lakini kwetu Kongo wachache wanalijua. Hapa mwanaisimu hachagui neno kwa sababu ni zuri masikioni. Huuliza kila neno litaamsha nini katika kichwa cha msikilizaji.

Neno "hifadhi" lina utajiri wa pekee. Kuhifadhi ni kulinda kitu kisiharibike, lakini pia ni kuweka maneno kichwani: mtu huhifadhi shairi, huhifadhi Kurani. Kwa hiyo kitenzi kimoja kinashika msitu na kumbukumbu kwa pamoja. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa maana ndilo linalotuingiza sisi katika kazi.

"Mbuga" ni uwanda mpana wa nyasi. Kuiita Garamba mbuga ni sawa, maana sehemu kubwa yake ni nyasi. Kuiita Salonga mbuga ni kumdanganya msikilizaji, kwa sababu Salonga ni msitu mzito. Kwa kuwa vitabu vingi vya Kiswahili vya somo hili vimeandikwa Tanzania, ambako Serengeti ni uwanda kweli, neno limesafiri hadi kwetu pamoja na mandhari yake. Mtaani kwetu watu husema "parke". Nalo si neno tupu: kwa wengi, parke ni mahali pa Dola penye askari, ambapo ukiingia na panga utakamatwa.

Mwisho, "usimamizi". Neno hili limetoka katika simama, simamia. Msimamizi wa mtihani husimama juu ya wanafunzi akiwatazama wasiibe. Msimamizi wa harusi husimama kando ya maharusi akiwashuhudia na kuwasaidia. Kitenzi ni kimoja, uhusiano ni miwili. Naona kwamba tatizo kubwa la maeneo yetu ya urithi limo ndani ya tofauti hiyo: wenye kazi ya kusimamia wamejiona kwa muda mrefu kama wasimamizi wa mtihani, wakati wanavijiji walihitaji msimamizi wa harusi.

3. Majina ya mahali kama maarifa

Somo la majina ya mahali huonekana dogo katika ratiba yetu. Katika usimamizi wa maeneo ya urithi ni chombo cha kwanza, kwa sababu ramani, dosie na sheria hutegemea majina.

Tuanze na kiambishi. Tazameni mito hii: Lualaba, Lufira, Luvua, Lukuga, Luapula, Lubumbashi. Wote wanaanza na lu-. Katika lugha nyingi za Kibantu, hiki ni kiambishi cha ngeli ya 11, ambayo hukusanya vitu vingi virefu na vyembamba. Katika Kiswahili kimebaki u-, kama katika uzi na ufito. Mji wa Lubumbashi ulichukua jina la mto. Kwa hiyo, unapokuta katika dosie jina linaloanza na Lu- lakini ramani ya leo inaonyesha kijiji, una sababu nzuri ya kuuliza: mto uko wapi? Umehamishwa? Umekauka? Umefunikwa na mgodi? Jina limekuwa ushahidi wa maji ambayo huenda hayapo tena.

Pili, maana. Virunga ni wingi wa kirunga, na Kinyarwanda husema ikirunga, ibirunga, yaani mlima wa moto. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme wa Ubelgiji, Albert, na upande wetu ikapewa jina la Virunga mwaka 1969. Jina la kwanza lilimtaja mfalme. Jina la sasa linamwonya anayepita kwamba hapa ardhi huwaka. Watu wa Goma, waliokimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 1977, 2002 na 2021, wanajua thamani ya onyo hilo.

Mfano mwingine ni ziwa ambalo Samuel Baker alilipa jina la Albert mwaka 1864, na ambalo lilipewa jina la Mobutu enzi ya utawala wake. Wanyoro waliliita Mwitanzige. Sehemu ya mwisho kila msemaji wa Kiswahili anaitambua: nzige. Ya kwanza inatokana na kitenzi cha kuua. Ni "muuaji wa nzige". Jina la mtawala linatuambia nani alikuwa na nguvu mwaka ule. Jina la Mwitanzige linatuambia watu wa pwani ya ziwa waliona nini walipotazama maji.

Tatu, tahajia. Volkano moja ya Virunga huandikwa Nyamulagira katika karatasi moja, Nyamuragira katika nyingine. Mtu wa ofisini anaweza kuziweka kama milima miwili katika programu ya kompyuta. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza anajua kwamba katika lugha nyingi za Kibantu sauti l na r hazitofautishi maana, na kwamba mwandishi wa kikoloni aliandika alichosikia siku ile. Kwa elimu hiyo ndogo anaweza kusafisha orodha nzima ya majina.

Lakini tuwe waangalifu. Mzee akieleza kwamba jina fulani latokana na tukio fulani, maelezo yake si lazima yawe asili ya kweli ya jina. Watu hutunga maana baada ya jina kuwapo. Mwanaisimu huandika yote mawili kwa kutenganisha: muundo wa jina unasema nini, na wenyeji wanasema nini. Maelezo ya mzee, hata yasipokuwa sahihi kihistoria, yanaonyesha kwa nini mahali pale panapendwa au panaogopwa, na hilo nalo ni thamani ya eneo.

4. Msitu usio na watu na msitu ulio kaya

Hifadhi ya Kahuzi-Biega ina majina ya milima miwili: Kahuzi, wenye mita 3 308, na Biega, wenye mita 2 790. Ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600 hivi, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi 6 000 hivi, ikaingia katika Orodha mwaka 1980 kwa ajili ya utajiri wake wa viumbe, hasa sokwe wakubwa wa nchi tambarare ya mashariki. Tangu 1997 imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Ndani ya msitu huo waliishi Batwa. Katika miaka ya 1970 waliondolewa bila fidia ya ardhi yao. Walihesabiwa kama watu waliokuwa mahali pasipo pao, ingawa ni wao waliojua kila kijito. Mwaka 2024 ulitangazwa hadharani uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliosema kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Kabla ya hapo, tarehe 15 Julai 2022, nchi yetu ilikuwa imetoa sheria namba 22/030 inayolinda haki za watu wa asili wa jamii hizo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, swali ni hili: mtu akitolewa msituni, nini kinatoka pamoja naye? Hapa ndipo maana mbili za kuhifadhi zinakutana. Miti inaweza kuhifadhiwa na askari. Lakini jina la pango, la mti wa dawa, la njia ya nyuki, la mahali pa kuzika, huhifadhiwa kichwani, na kichwa huhitaji kupita mahali hapo ili kikumbuke. Mtoto aliyezaliwa kando ya barabara, nje ya mpaka, hana sababu ya kujifunza majina ya vijito ambavyo haruhusiwi kuvifikia. Baada ya vizazi viwili msitu utakuwa umesimama, na hakuna atakayeweza kuusoma.

Linganisheni na pwani ya Kenya. Mwaka 2008, misitu kumi ya Kaya za Mijikenda iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ni misitu pia, yenye miti na viumbe. Lakini iliingia kwa vigezo vya utamaduni, na neno la wenyeji wenyewe, kaya, likaingia pamoja nayo katika jina rasmi. Kaya ni makazi, ni nyumba ya ukoo. Katika Kiswahili cha kawaida bado tunahesabu kaya za kijiji. Misitu hiyo ilikuwa mahali pa miji ya kale ya Wamijikenda, na wazee wa kaya wanatambuliwa kuwa walinzi wake. Sisemi kwamba Kaya hazina matatizo. Ninasema kwamba jina liliwalazimisha wataalamu kuwaona watu ndani ya msitu. Kwetu, msitu uliandikwa bila watu, kisha watu wakaondolewa ili msitu ufanane na maandishi.

5. Lugha ya mkutano

Kila mpango wa usimamizi siku hizi unadai kwamba jamii imeshirikishwa. Mwaka 2007 Kamati ya Urithi wa Dunia iliongeza jamii kuwa moja ya malengo yake makuu. Lakini mpango huandikwa kwa Kifaransa, na mkutano wa kijijini hufanyika kwa Kiswahili, Mashi, Kinande au Kiluba. Katikati anasimama mkalimani, mara nyingi kijana yeyote aliyesoma kidogo.

Katika semina yetu tulijaribu kutafsiri kurasa chache za aina hiyo ya maandishi. Tulikwama mapema. Ile thamani kuu ambayo mkataba unaidai, mmoja wetu aliiita "thamani bora ya ulimwengu". Mwingine akapinga: bora kuliko ya nani? Kaburi la babu yangu ni duni? Tukajaribu "thamani ya pekee kwa watu wote", na mara mwenzetu akauliza kama wanaozuiwa kuingia wamo katika hao wote. Hatukupata jibu la kuridhisha. Tuligundua kwamba ugumu haukuwa katika Kiswahili, bali katika wazo lenyewe, ambalo Kifaransa kilikuwa kimelifunika vizuri.

Ule ukanda unaozunguka eneo, ambao Kifaransa huuita kwa neno linalomaanisha pia muhuri, mwenzetu mmoja alitania kwamba kijijini kwao utaeleweka kuwa "zoni ya tampo", ardhi iliyopigwa muhuri wa ofisi. Tukaandika "ukanda wa kinga". Lakini kinga ni ya ugonjwa, ni ya adui. Anayeishi ndani ya ukanda huo atajiuliza kama ugonjwa ni yeye.

Neno lililotupa kazi zaidi ni lile la kuwataja watu. Ukiandika wakazi, umesema kwamba wanakaa hapo. Ukiandika majirani wa hifadhi, umesema kwamba hifadhi si yao. Ukiandika raia, umewaweka mbele ya Dola. Ukiandika wenyeji, umesema jambo zito zaidi, maana mwenyeji ni mwenye mji, naye ndiye anayempokea mgeni. Katika ukurasa wa kwanza wa mpango, mfasiri anachagua moja kati ya maneno haya manne bila kuulizwa na mtu. Amekwisha kuamua nani mgeni na nani mwenye nyumba, na atakayetia kidole chake kwenye karatasi hatajua kwamba uamuzi huo ulifanyika.

6. Mipaka ya hoja hii

Msomaji asidhani ninasema kwamba kamusi itaokoa sokwe. Neno halizuii risasi. Katika historia ya Virunga walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Vita, makaa ya mti, migodi na njaa ndivyo vinavyoangamiza maeneo yetu. Salonga iliyoondolewa katika orodha ya hatari mwaka 2021 haikuondolewa kwa sababu ya tafsiri nzuri.

Vilevile, anayetoka isimu atakuwa na mapengo mengi: hajui kusoma picha za setilaiti, hajui bajeti, hajui kuhesabu viota vya sokwe. Ndiyo maana ninazungumzia masomo ya masta: ni mahali pa kujaza mapengo hayo. Mwanabiolojia naye anafika na pengo lake, maana hajui kumsikiliza mzee kwa lugha ya mzee. Kikundi chema cha usimamizi kinahitaji mapengo yanayojazana.

7. La kufanya kabla ya kuomba nafasi

Anayetaka kuelekea huko asingoje tangazo. Kuna kazi nne ambazo zana zake tayari tunazo.

Ya kwanza ni daftari la majina ya mahali. Chagua eneo moja dogo, mto mmoja au kilima kimoja. Kwa kila jina andika: matamshi pamoja na toni, ngeli, maana ya muundo, maelezo ya wenyeji, jinsia na umri wa msimulizi, na mahali penyewe kwa vipimo vya simu. Usichapishe jina la mahali pa siri pa ibada bila idhini. Kaburi lililotajwa hadharani huvutia wezi.

Ya pili ni faharasa ya istilahi 50 za uhifadhi katika Kiswahili na lugha moja ya eneo lako. Jaribu kila istilahi kwa wasemaji watatu ambao hawakusoma Kifaransa. Usiwaulize kama neno ni zuri. Waulize wameelewa nini.

Ya tatu ni tafsiri ya kwenda na kurudi. Tafsiri ukurasa mmoja wa mpango wa usimamizi kwa Kiswahili, mpe mwenzako asiyeuona wa awali aurudishe katika Kifaransa, kisha linganisha. Tofauti zitakazoonekana ni mada tosha ya tasnifu.

Ya nne ni kusoma sheria zile nilizozitaja, za 1971, 2014 na 2022, pamoja na Katiba. Anayefika mbele ya jopo la uteuzi akijua lugha na sheria ya nchi yake hataulizwa amepotelea wapi.

Hitimisho

Masomo ya usimamizi wa maeneo ya urithi yamejengwa juu ya kugawanya: utamaduni huku, asili kule. Lugha zetu hazikugawanya hivyo. Jina moja la mlima hubeba umbo lake, historia ya waliopita na katazo la kukata mti. Anayejua kulifungua jina hilo ana kitu cha kuleta katika darasa la masta, na kitu cha kuleta katika mkutano chini ya mti.

Ninapendekeza kwa walimu wetu kwamba idara ifungue dosie ya pamoja ya majina ya mahali, na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aache ndani yake majina 30 ya kwao, yaliyoandikwa kwa utaratibu niliouonyesha. Darasa la watu 20 litaacha majina 600 kwa mwaka. Siku mpango wa usimamizi wa eneo fulani utakapoandikwa upya, na mtaalamu kutoka mbali akauliza mahali hapa panaitwaje na kwa nini, jibu lipatikane kwetu, likiwa na jina la lugha na sauti ya msemaji. Wazee wanaoyajua majina hayo hawatatungoja tumalize masta, kwa hiyo likizo ijayo tuanze nao.